Bata kwenye Mlango wa Mama: Maneno juu ya Kupiga Foto za Ndege wa Ziwani

Mazungumzo haya yalitolewa na mwanachama wetu, mpiga foto, kwenye mkutano wa mwezi. Mwandishi wa komite ameyatoa kwenye sauti ya telefone, akapunguza marudio na kelele za watoto. Mengine ameyaacha jinsi yalivyosemwa.



Komite ilinipa nusu saa nizungumze juu ya kupiga foto za bata na ndege wengine wa maji. Mwezi uliopita tulisikia habari ya sanduku la akiba, mwezi wa mbele ya ule tukasikia habari ya kipindupindu, na leo ni bata. Naona wababa wale wa nyuma wanacheka. Najua mnachosema: siye tumepoteza nyumba, huyu anatuletea bata. Subirini kidogo. Bata hao wanakaa wapi? Wanakaa kwetu. Wengine wao wanalala jikoni kwenu.

Nianze kwa kusema kazi hii niliipata wapi, kwa sababu vijana wananiuliza nilisoma shule gani. Sikusoma shule. Nilijifunza Lugufu, kambini, mkoa wa Kigoma. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye kamera ya filamu, ile ya foto 36, na akishamaliza filamu ilibidi iende mpaka Kigoma mjini kusafishwa. Kwa hiyo hakuna kubofya ovyo. Alikuwa anamtazama mtu, anatazama jua, anamwambia mtu asogee, anatazama tena, ndipo anabofya, mara moja tu. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kitambaa cha nyuma.

Yule mzee alikuwa hapigi foto nje saa sita mchana hata ungemlipa mara mbili. Aliwaingiza watu ndani ya hema, hema la plastiki nyeupe ya HCR. Wengi wenu mnalikumbuka joto lake. Lakini mwanga wake! Jua lilikuwa likipita kwenye ile plastiki linakuwa laini, linazunguka uso wa mtu pande zote, hakuna kivuli kibaya chini ya macho. Foto za harusi za Lugufu ambazo wamama wengine hapa bado wanazo ndani ya sanduku, watu wanang'aa kama hawakuwa na shida yoyote. Ilikuwa ni plastiki ile. Hapo ndipo nilijua kwamba kamera haipigi mtu, inapiga mwanga uliomwangukia mtu.

Mwaka 2007 tulipanda meli Kigoma, tukashuka Baraka, mimi nikaja mpaka Uvira. Nikafungua studio ndogo ya foto pasipoti, harusi na komunyo. Ndege sikuwa na habari nao. Bata wa pori nilikuwa nakula, sitawadanganya.

Basi mnajua yaliyofuata. Aprili 2020 mito ilishuka kutoka milimani usiku, Mulongwe na mingine, ikachukua watu na nyumba. Halafu ziwa lenyewe likaanza kupanda, pole pole, bila kelele. Mto unakuja kama mwizi, ziwa linakuja kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Kule Kavimvira, upande wa Kilomoni, maji yaliingia kwenye parsele moja baada ya nyingine. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka. Zile za matofali ya kuchoma na za beto zilibaki kuta, na vyuma vya beto vimesimama juu kama vidole. Na mwaka 2024 maji yalirudi tena na kupita pale yalipoishia.

Pale watu walipotoka, matete yakaingia. Matete yalipoingia, ndege wakaja. Si ajabu: delta ya Ruzizi iko hapo karibu, na upande wa Burundi sehemu yake ni parki ya taifa, imeandikwa tangu 2002 kati ya maeneo ya maji yanayolindwa na mkataba wa Ramsar. Ndege hawana pasipoti. Waliona maji mapya, ya kina kifupi, yenye majani na konokono, na watu wameondoka. Wakavuka.

Ni ndege gani? Wapo bata wadogo wenye uso mweupe kama wamejipaka unga, shingo nyekundu ya kahawia, wanapiga mluzi wakiruka. Hao wanatafuta chakula zaidi usiku, na alfajiri unawakuta wamesimama kwa mstari juu ya ukuta. Wapo mabata Bukini. Yupo yule bata mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe na uso mwekundu, ana mwiba kwenye bawa, akiruka kama mlango unaobamizwa. Yupo kuku wa maji wa rangi ya buluu na mdomo mwekundu, anatembea ndani ya matete kama mama anayetafuta deni lake. Yupo sile-maua mwenye vidole virefu, anatembea juu ya majani asizame. Na yupo mdiria mdogo, buluu na rangi ya chungwa, si mkubwa kuliko kidole gumba na kiganja, anakaa juu ya vile vyuma vya beto akivizia samaki.

Sasa nije kwenye mwanga, maana hapo ndipo kijiji chetu kina bahati.

Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa. Milima iko magharibi, ziwa liko mashariki, na ng'ambo ya ziwa ni Burundi. Kwa hiyo jua la asubuhi linatokea juu ya vilima vya Burundi, linapita juu ya maji, linakupiga usoni moja kwa moja ukiwa umesimama ufukweni. Kama saa kumi na mbili ya asubuhi linachungulia, na dakika kama ishirini za kwanza kila kitu kinakuwa rangi ya mafuta ya mawese. Saa moja na nusu uzuri umekwisha. Saa mbili jua ni jeupe, rangi za ndege zimekufa, rudi nyumbani unywe chai.

Jioni ni kinyume. Kuanzia kama saa kumi na moja milima inakula jua. Sisi huku mjini tunaingia kwenye kivuli, lakini katikati ya ziwa bado kuna mwanga, na mabati ya Bujumbura yanametameta. Ule mpaka wa kivuli unasogea juu ya maji kama mtu anavuta blanketi kwenda kwake. Ndege akiruka kutoka kwetu kwenda ndani, anatoka kivulini anaingia kwenye jua, ghafla anawaka. Mimi nimelifukuzia jambo hilo miaka mitatu na nina foto mbili tu. Mbili! Ni mbali, lenzi yangu ni fupi, na ndege hanisubiri.

Masika kuna saa nyingine ya ajabu, na hii hata mwenye telefone anaipata. Mwezi wa tatu, wa nne, mchana wingu jeusi linasimama upande wa Burundi, jeusi kabisa, na jua linatokea nyuma yetu chini ya wingu kabla milima haijalikula. Hapo yangeyange mweupe akipita mbele ya lile wingu, utafikiri mtu amewasha taa ndani yake. Inakaa dakika kumi. Mvua itakunyeshea, ndiyo, uwe na mfuko wa plastiki wa kufunika telefone.

Kiangazi, mwezi wa saba na wa nane, watu wanachoma majani bonde la Ruzizi, moshi unatanda, jua linatoka jekundu kama kiini cha yai, unaweza kulitazama. Foto za kiangazi ni rahisi kuliko zote. Ndiyo maana zinafanana zote. Kila kijana wa Uvira ana foto ya jua jekundu na mtumbwi.

Telefone inafanya kazi hivi. Yenyewe inatazama picha nzima na kuamua mwanga wa katikati, haijui unachokipenda wewe. Ukielekeza kwenye jua, inaogopa, inafanya kila kitu kiwe giza; ndege wako anakuwa kivuli cheusi. Gusa kioo kwa kidole pale ndege alipo. Kwenye telefone nyingi kitatokea kijijua kidogo pembeni. Ukikivuta juu picha inapata mwanga, ukikivuta chini inaingia giza. Usivute ndege karibu kwa vidole viwili. Ile si kuvuta, ni kukata picha na kuipanua, ndege anakuwa kama mchanga. Afadhali sogea. Kaa chini, kaa kimya, ndege akuzoee. Nguo nyekundu acha nyumbani. Na futa lenzi! Nusu ya foto mnazoniletea mkisema telefone imeharibika, ni mafuta ya vidole tu.

Mimi natumia kamera ya zamani, Nikon niliyonunua kwa mtu, na lenzi inayofika milimita 200. Kwa bata anayeruka, naweka kasi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, la sivyo mabawa yanakuwa moshi. Kwa mwanga wa saa kumi na mbili na robo hiyo ni ngumu, picha inajaa punje. Nakubali punje. Mtu aliyekuja kunifundisha kwamba punje ni makosa, hajawahi kusimama ndani ya maji ya magoti saa kumi na moja na nusu ya asubuhi akisikiliza kama kiboko anapumua.

Sasa niseme lile lililonileta kweli. Komite iliniambia nizungumze juu ya ndege, si juu ya parsele. Wanisamehe, sikuweza kuyatenganisha.

Mwaka juzi nilipiga foto moja. Bata watatu wale wa uso mweupe, wamesimama juu ya ukuta uliotoka majini, jua linachomoza nyuma yao, maji ya dhahabu, na chini yao mlango, tundu la mlango tu, bila ubao, limejaa mwanga. Nilikuwa nimesimama ufukweni, natazama jua. Niliweka mwanga kwa ajili ya mbingu. Kwa hiyo ukuta ukawa mweusi, bata wakawa weusi, na pembeni zao mstari mwembamba wa moto. Ilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Niliichapisha kubwa nikaitundika studio. Mgeni mmoja aliyekuja kwa mambo ya misaada akaiona, akanilipa dola 20. Dola 20 kwa foto moja, mimi ambaye nauza foto pasipoti nne kwa franka elfu chache. Nikachapisha nyingine nikaitundika palepale.

Wiki moja baadaye mama mmoja wa chama chetu, aliyekuja kupiga foto ya kadi, alikaa kwenye kiti akaitazama ile foto muda mrefu. Nikafikiri ameipenda. Akaniuliza:

«Mutoto wangu, ile foto ulipigia wapi?»

Nikamwambia, kule Kilomoni, mama.

Akasema: «Ile ni mulango wangu. Ile ukuta ni ya jikoni. Pale kwenye bata wa katikati, bwana yangu aliwekaka mafiga ya chuma.»

Sikuwa na neno. Nilitaka kuiondoa, akanizuia. Akainuka, akaisogelea karibu kabisa, akaweka kidole juu ya ule weusi. Akasema: «Lakini haionekane. Umefanya nyumba yangu iko giza. Mutu akiona hii anasema ni pazuri, hata hajue kama kulikuwa watu.»

Nikatoa dola kumi nimpe. Hakuzichukua. Akasema neno ambalo sijalisahau: «Rudia uipige tena. Bata waache, bata hawana kosa. Lakini nyumba ionekane.»

Basi wandugu, mnaweza kufikiri ni kazi rahisi. Nilirudi asubuhi ya pili, ya tatu, ya nne. Nikisimama ufukweni nikaweka mwanga kwa ajili ya ukuta, ukuta ulionekana kidogo, lakini mbingu iliungua, ikawa nyeupe tupu, na maji meupe, na bata wamefifia kama nguo iliyofuliwa mara mia. Jua la mbele linakuruhusu kuchagua kimoja: mbingu au nyumba. Nikajaribu jioni: kivuli, kila kitu ni kijivu. Nikajaribu siku ya mawingu: nyumba ilionekana vizuri, kama foto ya polisi, lakini bata walikuwa madoa tu.

Jirani yangu mvuvi ndiye aliyenicheka. Alikuwa anarudi na ndagala zake asubuhi, akaniona nimesimama majini na kamera. Akasema, wewe kila siku unatazama ziwa. Sisi tunaotoka ziwani tunatazama mji. Kutoka kule, asubuhi hii, kila jiwe linaonekana.

Kumbe! Miaka yote nimesimama upande mmoja.

Kesho yake tulitoka na mtumbwi wake kabla ya mwanga, tukazunguka nje ya matete, tukageuka. Jua likachomoza nyuma yetu. Na mbele yetu, jamani, mlima wote uliwaka kuanzia juu kushuka chini, taratibu, mpaka mwanga ukafika kwenye mabati ya mji, ukafika kwenye ukuta. Rangi ya ukuta ilionekana: kijani hafifu. Mimi sikujua kama nyumba ile ilikuwa na rangi. Ilionekana alama ya maji, mistari mitatu, mmoja juu ya mwingine, kama ngazi. Ilionekana namba iliyoandikwa kwa rangi nyekundu pembeni ya mlango, nusu yake. Ulionekana mwembe uliokauka nyuma.

Na bata! Hao hao niliokuwa nawapiga weusi. Uso mweupe, shingo ya kahawia nyekundu, ubavu wenye mistari myembamba nyeusi na nyeupe kama kikapu kilichosukwa. Kuku wa maji akatoka matete, nikaona mgongo wake una kijani na kifua kina buluu. Sikuwahi kuona kijani kile kutoka ufukweni.

Hapa niwape siri moja ya manyoya, nimeisoma na nimeihakikisha kwa macho. Rangi nyingine za ndege ziko ndani ya unyoya, kama rangi uliyopaka ukutani: kahawia, nyeusi. Lakini buluu ya mdiria, na ule mng'ao wa kijani kwenye bawa la bata mkubwa mweusi, si rangi ya kupaka. Unyoya umejengwa kwa maumbo madogo sana yanayorudisha mwanga wa namna moja na kuacha mwingine. Jua likiwa nyuma ya ndege, hakuna kinachorudi kwako. Likiwa nyuma yako, linarudi lote. Ndiyo maana yule bata mkubwa watu wanasema ni mweusi. Si mweusi. Wanamtazama wakiwa upande mbaya.

Nilipiga foto 140 asubuhi ile. Moja niliichapisha nikampelekea mama. Alikaa nayo magotini. Alihesabu vitu: mlango, dirisha la watoto, mwembe. Halafu akacheka kidogo, akasema huyu bata amekaa pale jogoo wangu alikuwa anawikia.

Baadaye akafanya jambo ambalo sikulifikiria. Kulikuwa na mtu anayedai kwamba kipande kile ni chake, kwamba mama hakuwahi kujenga pale. Karatasi za mama zilikwenda na maji 2020. Akaenda na foto kwa wazee wa kartie. Kesi haijaisha, sitasema imeisha. Lakini sasa kuna wazee wanaosema, ndiyo, ukuta huu tunaujua, na namba hii tunaijua.

Mzee mmoja wa hapa, aliyekuwa kijana mwaka 1964, aliniambia ziwa lilipanda sana mwaka ule pia, wakati wa vita vya Mulele, na baadaye likashuka. Hilo ni kweli, limepimwa. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie. Cameron, yule Mwingereza aliyepita mwaka 1874, aliukuta umezibwa na majani na mchanga. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, ziwa likashuka mita nyingi. Basi ziwa linapanda na linashuka, ndiyo tabia yake. Mimi sijui litashuka lini. Lakini likishuka, ardhi itatoka tupu, matope na matete, na siku hiyo kila mtu atasimama pale aseme hapa ni kwangu. Mwenye nguvu atasema kwa sauti kubwa zaidi. Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tunalijua hilo, tulilikuta 2007. Ulirudi ukakuta mwingine amelima shamba la baba yako, na wewe huna hata jiwe la kuonyesha.

Kuta zile zinaanguka moja moja. Kila masika zinapungua. Ndiyo maana nataka tuzipige sasa, na bata wakiwa juu yake au wasiwepo. Mimi napenda wawepo.

Kabla sijamaliza, mambo ya tahadhari kwa vijana, na hapa sifanyi mchezo.

Karibu na mpaka pale Kavimvira, bandarini Kalundu, mahali penye askari au meli zao, usitoe kamera. Usiseme napiga ndege tu. Mwenye bunduki hajui ndege ni nini kwenye kioo chako. Mimi nilinyang'anywa kadi ya kumbukumbu siku moja, na nilikuwa na karatasi. Nenda kwanza kwa shefu wa kartie, mweleze, aandike. Na usiende peke yako.

Viboko na mamba. Maji yaliyoingia mjini yamewaleta nao. Kama matete yanatikisika na hakuna upepo, toka. Hakuna foto inayostahili mguu wako.

Usiwalipe watoto warushe mawe ili bata waruke. Nasema kwa sababu nililifanya. Nilimpa mtoto mmoja franka mia tano arushe jiwe nipate foto ya kundi likipaa. Kundi lilipaa, foto ikatoka mbaya, mtoto akateleza akaingia majini mpaka shingoni. Nilimtoa. Mama yake aliniambia maneno, niliyastahili yote, na bata hawakurudi pale muda mrefu. Tangu hapo nangoja waruke wenyewe. Asubuhi wanaruka tu, jua likishawapasha moto.

Wanaotega bata na kuwauza sokoni, sina ubishi nao leo, njaa naijua. Nawaomba tu wasitege wakati wenye vifaranga wako majini. Baba mmoja aliniuliza kama foto inalisha. Nilimjibu, ile ya dola 20 ililisha siku tatu, na bata yule yule bado yuko pale.

Jambo la mwisho ni ruhusa. Ile foto ya weusi bado ninayo, naweza kuiuza tena, wageni wanaipenda kuliko ile ya pili. Nimekubaliana na mama: ikiuzwa, nusu ni yake, na nyuma yake naandika hii ni jikoni ya mtu, Kilomoni. Sasa kabla ya kupiga ukuta wowote naulizia kwanza mwenyewe ni nani. Mara nyingi mwenyewe yuko humu humu ndani ya mkutano.

Basi mpango ni huu, komite imeukubali nusu, nusu nyingine ni ya kwenu kuchangia. Jumamosi zote za mwezi huu, saa kumi na moja ya alfajiri, tunakutana pale wavuvi wanapoanika ndagala. Mtumbwi unabeba watu wanne na mimi wa tano. Anayetangulia ni yule ambaye ukuta wake umebaki mdogo zaidi, si yule anayemjua prezida. Mlete nguo ya baridi, na mtu mmoja jirani wa zamani wa ile parsele, ili aseme mpaka ulipita wapi. Kama una karatasi hata kipande, ilete tuipige nayo. Mimi sitozi kitu. Mvuvi lazima alipwe, kwa sababu asubuhi hiyo hatavua.

Vijana wanaotaka kujifunza ndege waje pia, lakini watakaa ufukweni wakitusubiri, na wasivae nyekundu. Kama kuna maswali, niko hapa mpaka watakapofunga mlango.